Rock Around the Clock Haukuizaa Roki

Kila kipindi cha zilipendwa za Kimarekani kinapofika mwaka 1955, simulizi huwa ile ile. Mtangazaji anamtaja Bill Haley na bendi yake ya Comets, anaitaja filamu ya Blackboard Jungle, kisha anatoa hukumu kwamba hapo ndipo roki ilipozaliwa. Waandishi wa burudani wanairudia, wapenzi wa muziki wanaikariri, na hakuna anayeuliza wazazi wenyewe walikuwa akina nani. Nimeisikia hukumu hiyo kutoka kwa watu ninaowaheshimu, watu wanaozijua santuri zao, na ndiyo maana nataka kuijibu kwa kirefu. Ingekuwa kosa la tarehe ningelipita. Lakini hukumu hii inachukua kazi ya mikono ya watu fulani na kuwapa wengine, na wengi wa walionyang'anywa wamekwenda kaburini bila kupata hata robo ya kilichowastahili.

Niieleze kwanza hoja yao kama wao wenyewe wangeieleza. "Rock Around the Clock", uliosajiliwa kwa majina ya watunzi Max Freedman na James Myers, ulirekodiwa na Haley jijini New York tarehe 12 Aprili 1954 kwa ajili ya kampuni ya Decca. Ulitoka Mei mwaka huo ukiwa upande wa pili wa santuri, ukaingia chati ya Billboard kwa wiki moja katika nafasi ya 23, ukapotea. Machi 1955 kampuni ya MGM ikatoa Blackboard Jungle, filamu ya Richard Brooks kuhusu shule ya wavulana watukutu, na wimbo huo ukapigwa mwanzoni majina ya wahusika yakipita. Vijana wakafurika kwenye majumba ya sinema. Tarehe 9 Julai 1955 wimbo ukashika nafasi ya kwanza Marekani na kukaa hapo wiki 8. Uingereza ukawa santuri ya kwanza ya wimbo mmoja kuuza nakala milioni moja. Kabla yake, wanasema, hakuna wimbo wa roki uliowahi kufika kileleni. Kwa hiyo filamu iliuokoa wimbo, wimbo ukaizaa roki, na Haley ndiye baba.

Tarehe hizo ni sahihi na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni juu ya hitimisho.

1. Kilele cha chati ya nani?

Nianzie na nguzo kubwa ya hoja yao, kwamba hakuna aliyefika kileleni kabla ya Haley. Mwaka 1948 Wynonie Harris alishika nafasi ya kwanza kwa "Good Rockin' Tonight", wimbo ambao Roy Brown aliutunga na kuurekodi mwaka 1947. Mwaka 1951 "Rocket 88", uliopigwa na bendi ya Ike Turner na kuimbwa na Jackie Brenston katika studio ya Sam Phillips mjini Memphis, ulishika nafasi ya kwanza vilevile. Wote wawili walikuwa namba moja, tena katika Billboard hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba chati yao ilikuwa ile iliyotengwa kwa ajili ya muziki uliokuwa ukinunuliwa na Wamarekani Weusi. Hadi Juni 1949 jarida lile liliwaweka chini ya kichwa kilichotaja mbari yao waziwazi. Baadaye jina likabadilishwa, utengano ukabaki.

Sasa, ili useme kwamba mwaka 1955 ndiyo mara ya kwanza roki kufika kileleni, lazima kwanza ukubali kwamba kilele cha Harris hakikuwa kilele. Lazima ukubali kwamba dola iliyotolewa na mfanyakazi Mweusi wa Detroit kununua santuri haikuhesabika hadi mtoto wa mzungu wa kitongojini atoe ya kwake. Hakuna njia ya kukikwepa kipimo hicho. Wanaoirudia hukumu ya 1955 hawajasema kwa midomo yao kwamba Weusi hawahesabiki, na sidhani wanaamini hivyo. Lakini wanatumia rula iliyotengenezwa na watu walioamini hivyo, na wanaisoma kana kwamba haina historia.

Haley mwenyewe alikuwa akijua muziki ule unatoka wapi, maana aliufuata. Mwanzoni aliimba nyimbo za wachunga ng'ombe, na bendi yake ya wakati huo, Saddlemen, ilivaa na kupiga kikantri. Mwaka 1951 akapiga kopi ya "Rocket 88". Mwaka 1952 akapiga kopi ya "Rock the Joint", wimbo ambao Jimmy Preston aliurekodi Philadelphia mwaka 1949. Hiyo ya pili ndiyo ya kuisikiliza kwa makini, kwa sababu ndani yake mpiga gitaa Danny Cedrone anapiga solo ya kasi, nota zinaanguka kama mvua ya mawe halafu zinapanda tena kwa mkupuo. Miaka miwili baadaye Cedrone akaipiga solo hiyo hiyo, karibu nota kwa nota, katika "Rock Around the Clock". Sekunde zinazosifiwa kuliko zote katika wimbo unaoitwa wa kwanza zilikuwa tayari zimeshasikika katika kopi ya wimbo wa mtu mwingine.

Tena wimbo wenyewe haukuanza na Haley. Sonny Dae na bendi yake ya Knights walikuwa wameurekodi kabla yake, mwaka huo huo wa 1954. Sauti ya beti zake inafanana mno na "Move It On Over" wa Hank Williams wa mwaka 1947, nao huo unafanana na wimbo wa Charley Patton, mwanabluzi wa Mississippi, aliourekodi mwaka 1929. Na mtayarishaji aliyekuwa nyuma ya kioo siku ile, Milt Gabler, alikuwa ametumia miaka mingi kumtayarishia Louis Jordan santuri zake pale pale Decca. Mdundo wa kuruka ambao Jordan na wapigaji wake Weusi waliunoa kwa muongo mzima, Gabler aliubeba na kuwaelekeza Haley na wenzake waupige. Ukoo wa wimbo huu unajulikana, jina kwa jina. Anayemwita Haley baba analazimika kuufuta wote.

Na ukoo huo una akina mama pia. Sister Rosetta Tharpe alikuwa akiimba nyimbo za kanisa huku akipiga gitaa la umeme kwa namna ambayo wapiga gitaa wa kiume walikuja kuifuata, na "Strange Things Happening Every Day" aliourekodi mwaka 1944 uliingia chati ya Weusi mwaka 1945, miaka kumi kamili kabla ya Haley kufika kilele cha chati ya wazungu. Tharpe alifariki Philadelphia mwaka 1973 na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe la kuandikwa jina. Jumba la heshima la roki kule Cleveland lilimwingiza Haley mwaka 1987. Tharpe lilimwingiza mwaka 2018.

2. Santuri ilikuwa imeshafika majumbani

Nguzo ya pili ni kwamba bila filamu wimbo ungekufa. Hapa wapinzani wangu wanajipinga wenyewe. Kama wimbo ulikuwa na nguvu ya kuzaa muziki mzima, ilikuwaje ukae karibu mwaka mzima bila kuzaa chochote? Na kama nguvu ilikuwa ya filamu, basi wimbo haukuzaa kitu, ulibebwa. Hawawezi kuvishika vyote viwili kwa mkono mmoja.

Ukweli wa soko ni mwingine kabisa. Wiki kadhaa baada ya kurekodi wimbo ule, Haley alirekodi "Shake, Rattle and Roll", kopi ya wimbo wa Big Joe Turner uliotungwa na Jesse Stone kwa jina la Charles Calhoun. Maneno ya kikubwa yakapunguzwa makali ili yasiwashtue wazazi. Kopi hiyo iliuza nakala milioni moja na kuingia kumi bora Marekani na Uingereza. Kwa hiyo filamu ilipotoka, Haley alikuwa tayari ana jina kubwa, na jina hilo alilipata kwa wimbo wa Turner. Zaidi ya hapo, "Rock Around the Clock" uliingia chati ya Uingereza Januari 1955 na kufika nafasi ya 17. Januari. Blackboard Jungle ilitoka Marekani Machi. Waingereza walionunua santuri ile Januari walikuwa hawajaiona filamu yoyote.

Kuna hadithi nzuri inayopendwa sana, kwamba wimbo uliingia kwenye filamu kwa sababu mtoto wa nyota wake Glenn Ford, mvulana mdogo aitwaye Peter, alikuwa na santuri hiyo nyumbani, Brooks akaiazima. Inasimuliwa kama ushahidi wa bahati. Mimi naiona ni ushahidi wa kinyume chake. Santuri ilikuwa imeshamfikia mtoto wa shule ndani ya nyumba ya mwigizaji wa Hollywood, bila filamu, bila kampeni, ikiwa upande wa pili. Muziki ule ulikuwa umeshavuka ukuta. Watoto walikuwa wameshaanza kuuchagua wao wenyewe, na wakubwa wakaukuta chumbani mwao.

Waliochelewa kuuona ni wenye kampuni. Siku ya kurekodi, bendi ilichelewa kwa sababu kivuko walichopanda kutoka Chester, Pennsylvania, kilikwama kwenye mchanga. Walipofika kwenye ukumbi wa Pythian Temple, sehemu kubwa ya muda uliobaki ilitumika kurekodi "Thirteen Women", ambao Decca waliupa upande wa kwanza. "Rock Around the Clock" ukabanwa dakika za mwisho. Mara ya kwanza vyombo vikameza sauti ya Haley. Mara ya pili wakazima maikrofoni za bendi ili sauti yake isikike, kisha mafundi wakaziunganisha rekodi mbili zikawa moja. Wimbo ulipotoka, lebo ya santuri iliutaja kuwa fokstroti. Kampuni iliyokuja kuuza wimbo huu kwa vizazi vitatu kama mwanzo wa zama mpya haikuwa na habari kwamba ina kitu kipya mkononi. Wasikilizaji ndio waliojua, na Weusi walijua mapema kuliko wote.

3. Itazameni filamu yenyewe

Wanaoisifu filamu kwa kuileta roki duniani nadhani hawajaitazama kwa muda mrefu. Inaanza kwa maandishi ya onyo. Watengenezaji wanaeleza kwamba shule za Marekani ni jambo la kujivunia, lakini uhalifu wa vijana umekuwa tishio, na kwamba wameitengeneza filamu hii ili umma uzinduke. Chini ya maneno hayo ngoma zinagonga. Onyo likiisha tu, wimbo unalipuka. Mwalimu Dadier, anayeigizwa na Ford, anatembea kuelekea shuleni, na nyuma ya uzio wa chuma wavulana wanacheza wao kwa wao uwanjani. Mtazamaji ameambiwa kuna tishio, na sekunde inayofuata anasikia tishio linavyolia.

Hapo ndipo wimbo ulipopewa maana ambayo haukuwa nayo. Huu ni wimbo wa kucheza dansi usiku kucha, basi. Haley alikuwa mtu mzima mwenye familia, na alitimiza miaka 30 siku tatu kabla ya wimbo kushika namba moja. Hakuna kisu ndani yake, hakuna mwalimu anayepigwa. Filamu ndiyo iliyoutia visu, ikauuza pamoja na hofu, na hofu ilivutia watazamaji kuliko hotuba zote za Dadier.

Katikati ya filamu kuna tukio ambalo kila mtu analikumbuka. Mwalimu Edwards, anayeigizwa na Richard Kiley, analeta darasani santuri zake za jazi alizozikusanya kwa miaka mingi, akitaka kuwafungulia wanafunzi mioyo. West, kiongozi wa watukutu, anaanza kuzirusha, wenzake wanazidaka na kuzitupa, na mwalimu anabaki kati ya vigae. Ujumbe ni kwamba muziki wa kistaarabu umevunjwa na kizazi cha wimbo ule wa mwanzo. Lakini nani aliutayarisha wimbo ule wa mwanzo? Milt Gabler, mwanzilishi wa lebo ya jazi ya Commodore, mtu aliyemrekodi Billie Holiday akiimba "Strange Fruit" mwaka 1939 wakati kampuni kubwa iliyokuwa ikimrekodi Holiday ilipoogopa kuugusa. Kama kuna mtu angelia kuona santuri zile zikivunjwa, ni yeye. Jazi na roki zilikuwa zimetoka kwenye studio zile zile, mikononi mwa watu wale wale, kutoka bluzi ile ile. Filamu ilizipiganisha kwa sababu ilihitaji upande wa ustaarabu na upande wa uhuni, na imani hiyo ya uongo imeshika mizizi hadi leo.

Kuna jambo jingine ndani ya filamu hiyo ambalo sijalisikia likizungumzwa, nami linanikera kuliko yote. Sidney Poitier anamwigiza Gregory Miller, mwanafunzi Mweusi mwenye akili na kipaji. Miller ni mwanamuziki. Anapiga piano na kuwaongoza wenzake Weusi kuimba kwa ajili ya tamasha la Krismasi. Wanaimba nini? Wimbo wa kiroho wa enzi za utumwa. Kijana Mweusi wa New York wa mwaka 1955, kwenye jiji ambalo redio zake zilikuwa zikipiga muziki wa kina Joe Turner na Fats Domino, amepewa wimbo wa mashambani wa karne iliyopita, na muziki wa rika lake, muziki uliotengenezwa na watu wa rangi yake, umepewa bendi ya wazungu iimbe yeye hayupo. Mwanamuziki Mweusi aliwekwa ndani ya filamu iliyoitangaza roki, na roki ikawekwa mbali naye. Anayeniambia filamu hii ndiyo iliyoifungua masikio dunia anieleze kwanza kwa nini iliyaziba hapo.

Gharama ya hofu ile haikuchelewa. Balozi wa Marekani nchini Italia, Clare Boothe Luce, aliishinikiza filamu ikaondolewa kwenye tamasha la Venice mwaka 1955, akilinda jina la nchi yake. Mwaka uliofuata mtayarishaji Sam Katzman alitoa filamu nyingine iliyobeba jina la wimbo wenyewe, na Uingereza vijana wakacheza kwenye njia kati ya viti, vurugu zikatokea, baadhi ya miji ikaipiga marufuku. Wenye filamu walikusanya viingilio. Lakini kule Alabama, ambako baraza moja la wazungu lilikuwa likihubiri kwamba muziki huu ni njama ya kuchanganya mbari, wanaume walimvamia Nat King Cole jukwaani mjini Birmingham tarehe 10 Aprili 1956 mbele ya watazamaji wazungu, wakamwangusha chini. Cole hakuwa mwimbaji wa roki. Aliimba nyimbo laini za mapenzi. Alipigwa kwa sababu ni Mweusi mwenye maikrofoni, katika msimu ambao muziki wa Weusi ulikuwa umetangazwa kuwa ugonjwa wa vijana.

4. Malipo ya kibarua

Sasa nije kwenye fedha, maana simulizi ya wimbo uliookolewa na filamu haigusi kabisa suala la nani alikula.

Danny Cedrone hakuwa mwajiriwa wa kudumu wa bendi. Aliitwa, akapiga, akalipwa kama kibarua. Kiasi kinachotajwa mara nyingi katika masimulizi ya siku ile ni dola 21. Alirudi Juni 1954 kupiga gitaa la "Shake, Rattle and Roll", na siku kumi baadaye, tarehe 17 Juni, akaanguka kwenye ngazi akafa. Hakuisikia solo yake ikitoka kwenye spika za sinema. Mpiga ngoma wa siku ile, Billy Gussak, naye alikuwa wa kukodiwa. Anayeonekana jukwaani kwenye picha za bendi ni Dick Richards, si yule unayemsikia.

Na wale wa kudumu? Haley alikuwa na ubia na mpiga piano Johnny Grande, mpiga gitaa la chuma Billy Williamson na meneja wao. Waliobaki walikuwa watu wa mshahara. Wimbo ukawa namba moja Julai 1955. Marshall Lytle, ambaye besi yake ndiyo inayousukuma wimbo mzima, mpiga saksafoni Joey Ambrose, na Richards wakaomba nyongeza. Wakakataliwa. Septemba mwaka huo huo, wimbo ukiwa bado unachezwa kila kona, wakaacha kazi na kuunda kundi lao, Jodimars. Wanaosema huu ulikuwa ushindi wa vijana dhidi ya wakubwa wautazame ushindi huo kutoka mahali aliposimama Lytle. Katika mwezi wa tatu wa ushindi, wafanyakazi walikuwa wameshaondoka.

Sheria ndiyo iliyoruhusu haya, na kuielewa kunasaidia kuelewa kwa nini kopi zilishamiri. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilimlinda mtunzi na mchapishaji wake. Mtu yeyote aliweza kurekodi upya wimbo uliokwisha kutoka, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Namna ulivyoupanga wimbo, mdundo uliougundua, solo uliyoibuni, vyote havikuwa mali yako. Rekodi zenyewe hazikupata ulinzi wa sheria ya shirikisho hadi mwaka 1972. Na hadi leo, redio za kawaida za Marekani zinapopiga wimbo, mtunzi analipwa lakini mwimbaji na wapigaji hawalipwi hata senti. Jimmy Preston hakuweza kudai chochote kwa roho ya "Rock the Joint". Cedrone hakuacha solo yake kama urithi, kwa sababu kisheria hakuwa nayo.

Hata mtunzi hakuwa salama. Mwaka huo wa 1955 Chuck Berry alitoa "Maybellene", na santuri ilipofika madukani jina lake lilikuwa na wabia wawili katika utunzi, mmoja wao mtangazaji Alan Freed, ambaye kazi yake ilikuwa kuupiga wimbo redioni. Mwaka 1956 Freed huyo huyo anaonekana kwenye filamu ya Katzman kama rafiki mkubwa wa muziki wa vijana. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Tumebishana kwa miaka mingi kuhusu "Malaika", nani aliutunga kati ya Fadhili William na Adam Salim, huku waimbaji wakubwa wa dunia wakiurekodi na kwenda zao. Tunajua uchungu wa wimbo kuzunguka dunia nzima na mwenyewe kubaki palepale. Nashangaa tunapousahau uchungu huo mara tu habari inapovuka bahari.

5. Kwamba mlango ulifunguliwa

Watetezi wenye busara zaidi huniambia hivi: sawa, Haley hakuwa wa kwanza, lakini alifungua mlango na Weusi wakapita. Hoja hii inasikika kuwa ya haki, basi tuangalie nani alipita.

Miezi miwili baada ya "Rock Around the Clock" kushika namba moja, Septemba 1955, wimbo mwingine wa ukoo huo ulifika kileleni: "Ain't That a Shame". Fats Domino wa New Orleans ndiye aliyeutunga pamoja na Dave Bartholomew, na rekodi yake ikafika nafasi ya 10 kwenye chati kuu. Aliyeshika nafasi ya kwanza ni Pat Boone, mzungu aliyeupiga kopi. Ni kweli Domino aliingia, na Berry aliingia, nafurahi kwamba waliingia. Lakini waliingia kwa nguvu ya santuri zao, ambazo zilikuwa zimeshajenga soko tangu Domino alipotoa "The Fat Man" miaka sita nyuma. Kilichothibitishwa na mafanikio ya Haley kwa wenye kampuni ni kwamba muziki huu unauzika zaidi ukipewa uso mwingine, nao wakaharakisha kuzitafuta nyuso hizo. Kwa mwanamuziki Mweusi, mlango huo ulikuja na mtu wa kusimama mbele yake.

Na "Rock Around the Clock" umeendelea kufunguliwa milango tangu hapo. George Lucas aliutumia mwaka 1973 katika American Graffiti, mwaka 1974 ukawa wimbo wa utangulizi wa tamthilia ya televisheni ya Happy Days, na mwaka huo huo ukarudi kwenye chati ya Marekani na kufika nafasi ya 39. Kila filamu inapotaka kuwaonyesha watazamaji miaka ya 1950 inauweka, na watazamaji wanaondoka wakiamini kwamba miaka hiyo ilianza na Haley. Blackboard Jungle ilianzisha desturi hiyo, na sinema haijaiacha.

Kwa watangazaji wa zilipendwa nina ombi moja ambalo halihitaji bajeti. Mkifika mwaka 1955, rudini nyuma kidogo kabla ya kutamka hukumu. Pigeni "Good Rockin' Tonight" wa Wynonie Harris. Pigeni "Rock the Joint" wa Jimmy Preston wa mwaka 1949, kisha kopi yake iliyopigwa na Haley mwaka 1952, na gitaa la Danny Cedrone linapoingia mtajeni kwa jina. Baada ya hapo ndipo mpige "Rock Around the Clock", na msiongee juu ya solo.